Leteni Makapi Yote

Jumatatu, 8 Septemba

Ijulikane kwa vizazi vilivyopo na vitakavyokuja kwamba leo, muda mfupi kabla ya chai, nimechaguliwa kuwa Katibu Mwenezi wa Kamati ya Mto. Kura zote. Mpinzani hakuwapo. Shemeji, kaka wa mke wangu, angegombea, lakini majina yalipoulizwa alikuwa ametoka nje kupokea simu, nami nikaona si adabu kumkatiza mtu mazungumzo.

Mwenyekiti bado hajapatikana. Atachaguliwa Jumapili. Nalitaja hili kwa kupita tu.

Mkutano ulifanyika ofisi ya mtaa, kwenye kile chumba chenye feni inayozunguka kama imelazimishwa. Aliyetuita ni Bibi Samaki, yaani ofisa wa uvuvi aliyeletwa kwetu mwaka huu, binti mdogo mwenye buti za mpira zinazomfika magotini. Kaniamkia shikamoo mzee. Nina hamsini na ushei. Nikaitika marahaba kwa sauti ya kijana.

Habari zake si nzuri. Yule samaki mnene wa mashavu, ambaye sisi humwita mgeni kwa kuwa enzi za baba zetu hakuwapo mtoni, amezidi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu amekaa miaka na jembe hajapewa. Analima kwa mdomo: anang'oa majani, anatibua tope, anameza mayai ya wenziwe. Jina lake halisi, akasema Bibi Samaki, ni kapi. Tukaitikia kwa vichwa kama watu waliokuwa wakilijua hilo siku zote.

Anayemweza mgeni ni mwenyeji, yaani kambare. Kambare mkubwa anatafuna watoto wa kapi kama karanga. Tatizo ni kwamba kambare wakubwa tumewatafuna sisi. Hapo Bibi Samaki akamgeukia Shemeji, akamwuliza kama ile picha iliyo ukutani kwenye mashine yake ya kukoboa na kusaga, ya mtu aliyemkumbatia kambare wa urefu wa mtoto wa darasa la tatu, ni yake. Shemeji akasema ndiyo, kifua mbele. Akaambiwa kwamba pale amemkumbatia askari aliyemwua mwenyewe. Nilicheka kwa ndani. Kambare yule nilimla mimi pia, kichwa kizima, lakini mimi sikupiga picha.

Sasa ofisi kuu inataka kumwaga dawa kwenye lindi, kile kina kirefu kilicho chini ya daraja. Dawa haichagui. Kapi atakufa, kambare atakufa, halafu waanze upya na vifaranga vya kuletwa. Bibi Samaki amewaomba wampe nafasi moja, Jumamosi hii. Tukionyesha kwamba tunaweza kuwatoa kapi kwa mikono yetu na kuwarudisha kambare majini, dawa haimwagwi. Tukishindwa, inamwagwa Jumatatu.

Nikampelekea mke wangu habari. Mkahawa wake uko pale pale darajani, na kibanda changu kimeuegemea ubavuni kama mume mlevi. Kinachouza mkahawa ule ni kambare wa kukaanga, wale wadogo wanaoruhusiwa. Hakuacha kukata vitunguu. Akasema kambare wakifa anafunga jiko na kuhamia kwa kaka yake kufagia unga, na mimi nitajua mwenyewe nitakula nini. Nikamwambia aondoe wasiwasi, nimechaguliwa. Kuchaguliwa kufanya nini, akauliza. Kutangaza, nikasema. Akaongeza kasi ya kisu.

Jumanne, 9 Septemba

Siku ya kazi. Mimi ni mchora mabango. Karibu kila ubao unaosomeka mtaani humu umepita mkononi mwangu, pamoja na ule wa daktari wa meno ambao watu wanausema bure.

Bibi Samaki ameniachia karatasi yenye maneno, kisha amepanda gari kwenda kukagua mto huko juu. Harudi mpaka Jumamosi. Maneno yenyewe ni haya: JUMAMOSI ASUBUHI LETENI KAPI WOTE DARAJANI. KAMBARE WARUDISHWE.

Kapi wote. Nimesoma, nikavua miwani, nikasoma tena. Masikini. Ndio watoto wa siku hizi, wanajua mambo ya samaki mpaka ndani ya mapezi lakini ngeli hawakufundishwa. Nikakaa nikatafakari. Kasha, makasha. Kapu, makapu. Kaburi, makaburi. Kwa hiyo kapi, makapi. Tena samaki mwenyewe ni mnene, anastahili ma. Makasha yote, makapu yote, makapi yote. Nikalitamka kwa sauti. Ulimi haukujikwaa hata kidogo, utadhani ni neno nililolizoea tangu utotoni. Nikaona hiyo ni dalili njema.

Nimempunguzia binti aibu bila yeye kujua. Huo ndio uongozi.

Nikapiga mstari kwa uzi na chaki, nikapaka herufi kwa rangi nyekundu ya mafuta. LETENI MAKAPI YOTE ilinoga mno, ikala ubao. Kambare warudishwe ikabidi ikae chini kabisa, kwa herufi za mchwa. Pembeni nikamchora kambare mwenyewe ili hata asiyesoma aelewe. Macho yakaja yenyewe. Sharubu zikaja zenyewe. Nilipoinua kichwa, kambare alikuwa Shemeji.

Mke wangu alipita na sinia la vikombe, akatazama, akasema kaka, kama anamsalimu. Nikataka kumrekebisha, nikaacha. Sanaa hailazimishwi.

Jioni nimelipigilia darajani. Misumari minane. Hata upepo uje na nduguze.

Jumatano, 10 Septemba

Bango limepokelewa. Tangu asubuhi watu wanasimama, wanasoma, wanatazamana, wanaondoka mbio. Mbio ndicho kipimo cha tangazo.

Shemeji amefika kibandani amejaa unga mpaka kwenye kope. Akaanza na sharubu. Kasema anazijua sharubu zake akiziona. Nikamjibu kwamba kambare wote wana sharubu, na kama yeye amefanana nao, malalamiko ayapeleke kwa Muumba. Akasema, haya, kambare gani ana mwanya? Mwanya nilikuwa nimeusahau.

Kisha akaniuliza nayatakia nini makapi yake. Nikamwambia asijitie hamnazo, ni ya Bibi Samaki hayo. Akasema tangu mapambazuko wanawake wamemzonga mashineni, kila mmoja anadai makapi ya mpunga wake, hata waliokoboa mwezi uliopita, kwa sababu kuna bango la serikali lenye sura ya mwenye mashine linaloagiza makapi yote yapelekwe darajani.

Nikamtazama. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

Makapi. Maganda ya nafaka. Yale ya ungo. Yale yanayopeperushwa. Kila aliyelelewa na mama anayajua kwa jina hilo, mimi nikiwamo. Na mtaa mzima huu, nani anamwita yule samaki kapi? Hakuna. Ni mgeni tu, tangu alipokuja.

Sikumwonyesha Shemeji kwamba nimeelewa. Nikamwambia serikali ina mipango yake.

Kufikia adhuhuri magunia yameanza kushuka. Darajani kuna upepo, wamesema, yatapeperuka. Afadhali yakae kwa mwenye bango. Yakakaa. Baraza yote, yangu na ya mkahawa. Mama mmoja wa mtaa wa juu akaninong'oneza kama ni ya kujazia magodoro ya hospitali. Nikasema siruhusiwi kusema. Akaondoka kwa heshima kubwa, akarudi na gunia la pili.

Mke wangu amepita kiubavu kati ya magunia na sufuria kichwani. Kasema katika ndoa yetu ameona mengi, lakini mtu kutumwa samaki akaleta chakula cha kuku, hilo ni jipya. Akauliza kwa nini nisingeandika wageni, neno ambalo hata kichaa wa sokoni analielewa. Nikamweleza kwamba Katibu hawezi kuandika hadharani LETENI WAGENI WOTE. Watu wangeleta mashemeji zao. Akasema shemeji ana afadhali, jioni anarudi kwake.

Alhamisi, 11 Septemba

Marekebisho madogo. Nimekwenda darajani na kopo la rangi nyeupe kabla watu hawajajaa.

Ningeweza kuandika kama Bibi Samaki alivyoandika. Lakini mtu angesema nini? Angesema binti wa buti alikuwa sahihi na Katibu alikosea. Basi nikatafuta njia ya katikati. Maneno ya kuazima hukaa pamoja na redio na kalamu. Redio zote. Kalamu zote. Kapi zote. Nikafuta MA, nikageuza Y kuwa Z, ambayo ni kazi ya kupindisha mkono tu. Nikarudi nyuma hatua chache. LETENI KAPI ZOTE. Safi. Hapo hata kuku hawezi kudhani ni makapi.

Chai haijapoa, fundi wa visima huyo. Mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono kama mizizi. Begani amebeba kapi. Kapi, naandika hapa kwa uchungu, ni lile gurudumu la chuma la kupitishia kamba. Bila hilo ndoo ya udongo haipandi kutoka shimoni. Akalilaza mbele yangu taratibu kama analaza mtoto. Kasema ameona bango. Kasema hili alirithi kwa mjomba wake na limewapa maji nusu ya watu wa mtaa huu, lakini kama serikali imesema zote, basi zote, yeye ni nani. Ila anaomba aambiwe sababu, ili akienda kumweleza mke wake awe na la kusema.

Nikamkaribisha kiti. Nikampa chai. Nikatafuta sababu mpaka kikombe chake kikakauka. Mwishowe nikasema ni la kuazima tu, kwa siku ya Jumamosi. La kuvutia nini, akauliza. Vitu vizito, nikasema. Akaridhika kabisa. Watu wa visima wanauheshimu uzito.

Kutoka jikoni ikasikika sauti ya mke wangu akicheka, kisha harufu ya samaki aliyeungua. Hajawahi kuunguza samaki tangu nimwoe.

Nikarudi darajani mimi na kopo langu. Safari hii nikafuta maneno yote mawili, KAPI na ZOTE, nikitaka kuyafikiria upya kwa utulivu. Rangi nyeupe ikaisha, na nyekundu nayo ikawa imeganda. Kwa hiyo bango sasa linasema JUMAMOSI ASUBUHI LETENI, halafu nafasi, halafu DARAJANI. Na Shemeji anatabasamu pembeni.

Watu wanazidi kukusanyika. Mzee mmoja amesema hajawahi kuona tangazo lenye subira kama lile.

Ijumaa, 12 Septemba

Kesho ndiyo kesho, na baraza bado ni ghala. Wateja wanaruka magunia kufika mezani. Mmoja amepiga chafya juu ya mchuzi wa mwenziwe na ugomvi ukachukua nusu saa. Mke wangu ametoa amri fupi: yaondoke kabla binti hajarudi. Kisha akafunga kanga kiunoni, akatoka. Amezunguka kwa wateja wake mlango kwa mlango. Sikuuliza anakwenda kusema nini. Nilikuwa na mipango.

Mpango wa kwanza: kumrudishia Shemeji. Amekataa. Amesema makapi yakishakuwa ya serikali hayarudi kwa raia. Alilisema hilo polepole ili utamu usimwishe mdomoni.

Mpango wa pili: kuchoma. Nimejaribu gunia moja nyuma ya kibanda. Moshi umeingia mkahawani, umetoka na wateja.

Mpango wa tatu: mto. Mto unachukua kila kitu, na haubandiki matangazo. Jioni, wateja walipopungua, fundi wa visima akaja na mkokoteni wake, tukapeleka magunia chini, pale kwenye maji machache yenye majani, pembeni kabisa mwa lindi. Tukamwaga. Fundi hakuuliza swali. Aliniambia tu kwamba kwa uzito huu hahitaji kapi, nikamwambia asubiri kesho.

Nilipoinua macho, Shemeji alikuwa amesimama darajani amekunja mikono, juu ya kichwa chake bango lenye uso wake, wote wawili wakinitazama. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba kesho mbele ya Bibi Samaki na watu wote atataja nani anatupa taka mtoni. Na Jumapili tutaona nani anafaa uenyekiti.

Sahani ya jioni nimeirudisha kama ilivyokuja. Si kwa ajili ya uenyekiti, au si kwa ajili hiyo peke yake. Nimemwona mke wangu akiosha karai lake kubwa la kukaangia, la chuma, ambalo huwa halioshi bali anafuta tu. Ameliosha kwa sabuni, akaligeuza kifudifudi, akalitazama kama linahama.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba. Nitaeleza.

Watu walijaa. Wengi walikuja kuona bango likimaliza sentensi. Lakini mikononi walikuwa na nyavu, makapu, na familia moja ilikuja na shuka la kitanda. Nikashangaa wamejuaje. Mteja mmoja akasema mama wa mkahawa alipita jana nyumba hadi nyumba, akawaambia njooni na nyavu tuwatoe wageni, asiyekuja nisimwone tena mezani kwangu.

Bibi Samaki akateremka garini. Akasoma bango. Akalisoma tena, kichwa kimeinama upande. Akaniuliza kwa adabu sana, mzee, leteni nini? Nikasema tuliiacha wazi ili wananchi washiriki kufikiri.

Hapo Shemeji akapanda kwenye ukingo wa daraja. Akakohoa. Akasema ndugu wananchi, huyu shemeji yangu ninampenda, amemwoa dada yangu na mimi sikuulizwa, lakini ukweli ni ukweli. Jana jioni, kwa macho yangu mawili, nimemwona akimwaga magunia ya makapi mtoni. Pale! Akanyoosha kidole.

Watu wote wakafuata kidole.

Maji ya pale pembeni yalikuwa yanachemka. Migongo. Migongo minene, ya rangi ya shaba iliyochakaa, ikipandana kama watu kwenye foleni isiyo na msimamizi. Midomo ikifumba na kufumbua juu ya makapi kwa sauti ya watoto wanaonyonya. Sijawahi kuwaona wageni wengi namna ile mahali pamoja, na nimefanya harusi tatu za mabinti.

Bibi Samaki aliingia na buti zake, akachota konzi ya makapi, akayanusa, akamwuliza Shemeji kama ana hakika ni mimi. Shemeji akidhani kamba inakaza, akaapa kwa mashine yake. Kasema hata akipelekwa mahakamani atasema hivyo hivyo. Ni huyu, peke yake, wazo lake, mkono wake.

Basi Bibi Samaki akanijia, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Akatangaza kwa watu kwamba amekuwa akiiomba ofisi kuu chambo cha nafaka tangu afike, bila mafanikio, na hapa mzee wa watu ametumia akili yake mwenyewe. Kapi hufuata nafaka kwenye maji machache. Kambare wakubwa mchana wamejilaza lindini. Wametengana wenyewe, akasema, hata dawa isingeweza. Shemeji akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Nilichora vizuri.

Wavuvi wakauzungusha wavu polepole kutoka upande wa lindi mpaka ukingoni. Kisha tukavuta. Haukuja. Tukavuta tena, watu wakateleza kwenye tope kama sabuni. Wavu ulianza kurudi mtoni, na sisi nao. Fundi wa visima alikuwa juu ya daraja, ameshafunga kapi lake kwenye boriti. Akateremsha kamba. Tukafunga, tukavuta kutoka juu, na wageni wakapanda ukingoni kama udongo wa kisima. Fundi akanitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa nimemwambia vitu vizito.

Kambare wachache walinaswa humo humo. Mke wangu ndiye aliyesimama majini kuwapokea, mmoja mmoja, na ole wake aliyewatupa kwa nguvu. Aliyekuwa mkubwa kuliko wote alihitaji mtu wa kumbeba. Nikajitolea, maana watu walikuwa wanatazama. Nilimkumbatia vizuri, nikapiga hatua mbili, akanipiga mkia wa kifundo cha mkono, tukaingia mtoni wote wawili. Watu wakapiga makofi. Walidhani nimemsindikiza.

Bibi Samaki akapiga simu ofisi kuu pale pale, miguu ndani ya tope, sikio moja limezibwa kwa kidole. Alisema ndiyo mara nyingi. Alipokata, akasema dawa haitamwagwa.

Mke wangu akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akasema ni maji ya mto. Kisha akaniambia suruali yangu imechanika nyuma, tena tangu asubuhi.

Jumapili, 14 Septemba

Mwenyekiti ni mimi. Kura zote isipokuwa mbili. Ya Shemeji naielewa.

Ya pili ni ya mke wangu. Amesema hakupinga, alikuwa anainua mkono kuomba wapishe njia.

Nimetoa hotuba fupi, imechukua sehemu kubwa ya alasiri. Mada: Mbinu ya Makapi, Chimbuko na Utafiti Wake. Nimeeleza nilivyochunguza tabia za kapi kwa miaka, nilivyotumia bango lenye maneno yanayobadilika ili kupima uelewa wa jamii, na nilivyoona mapema haja ya kifaa cha kunyanyulia. Fundi wa visima aliitikia kwa kichwa kila mahali. Nilikuwa na kapi wawili hai ndani ya pipa, niliowabakiza jana kwa maonyesho. Waliwapendeza watoto.

Bibi Samaki alifunga mkutano. Kashukuru, kisha akasema tuwe tunarudia kazi hii kila mwezi, kambare wakubwa wasiguswe, na kapi asiachwe hai hata mmoja, maana jike moja tu linatosha kutujazia mto. Tukifanya hivyo, akasema akitabasamu, haitapita miaka mingi Kamati hii haitahitajika tena.

Watu walimpigia makofi. Mimi nilipiga kwa mkono mmoja, ule mwingine una uvimbe.

Haitahitajika tena. Na Mwenyekiti wake je?

Jumapili, 21 Septemba

Mke wangu amesema kama siwezi kuwaambia watu ukweli, basi niuandike walau hapa, mahali ambapo hakuna anayesoma. Ameongeza kwamba yeye husoma kila siku. Haya.

Ukweli ni huu. Sikugundua mbinu yoyote. Sikujua kapi anakula nini. Nilijua tu kwamba baraza imejaa na mke amekasirika. Nilibadilisha maneno ya mtu aliyejua anachoandika, kwa sababu yeye ni binti na mimi nina miwani. Nilipokosea nikarekebisha kosa kwa kosa, kuliko kuandika neno moja ambalo lingenifanya nionekane nimekosea. Makapi yaliletwa na wanawake wenye nyungo zao. Nyavu zililetwa na mke wangu, ambaye hana cheo. Aliyenisifu mbele ya watu ni Shemeji, naye alikuwa ananishitaki. Kambare wa lindi wako hai, jana nimemwona mmoja akikata maji chini ya daraja na kitu mdomoni chenye mkia wa mgeni, na hakuna hata mmoja kati yao ninayemdai shukrani. Huo ndio ukweli wote, na moyo umekuwa mwepesi.

Karibu wote. Wale kapi wawili wa maonyesho bado ninao, kwenye pipa la nyuma ya kibanda, nimefunika na bati. Mke asomapo hapa ajue ni kwa ajili ya utafiti. Kamati isiyo na kapi ni kamati gani? Nimewawekea majani kidogo kutoka mtoni, wasijione wageni.

Leo nimefunua kuwatazama. Wazima, ingawa yule jike amepungua tumbo sana, nadhani ni kwa upweke. Lakini maji yamechafuka, yamejaa vitu vidogo vidogo kama nyuzi, vinachezacheza. Viluwiluwi vya mbu, bila shaka. Haiwezekani Mwenyekiti mzima akaonekana anafuga mbu. Nikawahamishia wale wawili kwenye ndoo safi, na pipa lote nikalimwaga kwenye mfereji wa nyuma, ule unaoteremka moja kwa moja mpaka lindini, kwa hiyo hapakubaki hata tone la kumsumbua mtu.

Afya ya jamii kwanza.